Anayepima Ndiye Aagize

Ukitaka kukarabati nyumba Mosocho, ushauri utakaoupata sokoni, kanisani na hata ndani ya matatu ya kwenda Kisii mjini ni ule ule: nunua vifaa mwenyewe, fundi mpe kazi ya leba tu. Sababu inajulikana. Fundi akishikishwa pesa za mabati, atapandisha bei, atakatiwa chake na mwenye hadiwea, na mifuko miwili ya simiti itaishia kwake nyumbani. Aliyewahi kuchezwa hivyo hahitaji kuelezwa mara mbili.

Ushauri huo unazuia wizi, hilo silipingi. Lakini ugomvi mwingi kwenye mjengo hauhusu wizi hata kidogo. Unahusu vifaa vilivyoagizwa ndivyo sivyo: vigae vilivyopungua halafu duka likaleta vya rangi iliyopauka kidogo, mlango mpana kuliko fremu, nondo nyembamba. Hapo kununua mwenyewe ndiko kunakokuponza.

Tuchukue mfano wa paa. Fundi anapanda, anapima, anashuka, anachana kipande cha mfuko wa simiti na kuandika: “Mabati 30, futi 10. Misumari kilo 8.” Mwenye nyumba, tuseme ni mwalimu, anakwenda nacho mjini. Kwake hiyo 30 ni idadi. Fundi alikusudia geji, na idadi aliitaja kwa mdomo tu. Dukani anaulizwa, “Geji gani, mwalimu?” Anajibu, “Hii ya kawaida.” Anapakiliwa geji 32, ambayo licha ya namba yake kubwa ni bati jembamba kuliko geji 30. Pikapu inashusha mzigo jioni. Paa la zamani limevuliwa tangu asubuhi, vitanda vimefunikwa kwa turubai, na wingu limeshatanda juu ya vilima vya Manga. Nani atasimama kusoma maandishi ya bati wakati huo? Yanapigiliwa. Upande wa pili haujafika katikati, mabati yameisha.

“Fundi, si uliandika thelathini?”

“Mwalimu, mimi nimepiga ulichonipa.”

Jibu hilo lina uzito kisheria kuliko mwalimu anavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inamtaka muuzaji alete kitu kinacholingana na maelezo ya agizo. Inamtaka pia alete kitu kinachofaa kwa kazi iliyokusudiwa, lakini pale mnunuzi alipomweleza kazi yenyewe na kuonyesha kwamba anategemea ujuzi wake. Mwalimu hakueleza. Aliomba ya kawaida, akapewa ya kawaida. Fundi naye hakuuza chochote. Asiye na wa kumshika ni yule aliyelipa. Kama angempa fundi kandarasi ya kazi pamoja na vifaa, mzigo wa kuleta kinachofaa ungekuwa wa fundi.

Hata tukiiacha sheria kando, kuna jambo ambalo washauri wa sokoni hawaligusi. Fundi anaingia kwenye hadiwea ile karibu kila wiki, na anapeleka wateja. Wewe utaingia leo, kisha labda urudi baada ya miaka kumi ukitaka rangi. Mabati yakija siyo, nani kati yenu atasikilizwa akiomba yabadilishwe? Muuzaji anayekukunjia uso na kukuonyesha risiti atamwambia fundi alete mzigo wenyewe, mradi haujatobolewa. Ukimwondoa fundi kwenye ununuzi, umelipoteza pia neno lake dukani. Yeye mwenyewe huenda hana pesa ya kukufidia hata ukishinda kesi. Alicho nacho ni siku zake za kazi na jina lake kwa wenye maduka. Fidia yenye maana itatoka huko.

Najua nitaulizwa: basi nimpe pesa? Hapana. Pesa na uteuzi ni vitu viwili, na si lazima viwe mkononi mwa mtu mmoja. Aliyepima paa aagize: aandike geji, urefu, idadi, rangi na aina, kila kimoja kwenye mstari wake, kisha atie sahihi na tarehe. Wewe unalipa duka moja kwa moja kwa M-Pesa, kwa bei uliyoiuliza kwenye maduka mawili au matatu. Aliyeko Nairobi anaweza kufanya hivyo kwa simu, na aliyeko Minnesota, ambako Wakisii wengi wamehamia, vilevile. Pesa haipiti kwa fundi, lakini agizo linabaki na mwandiko wake. Likikosewa, hakuna wa kubishana kuhusu ile 30 ilikuwa ya nini. Mabati ya rangi yanayokatwa kwa kipimo chako yanahitaji uangalifu zaidi, kama ilivyo kwa kioo na rangi iliyochanganywa, kwa sababu yakishakatwa hakuna mteja mwingine atakayeyataka.

Mzigo ukifika, fundi aupokee na karatasi mkononi kabla dereva hajaondoka. Kuna watu wanaoona haya kumchelewesha dereva. Waache haya hiyo, kwa maana ile ile Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inampa mnunuzi nafasi ya kukagua, na ukishaanza kukitumia kitu kama chako unahesabiwa umekikubali. Ndiyo maana kuvua paa kabla mabati mapya hayajahesabiwa, katika nchi ya mvua kama Gusii, ni kujifunga mikono mwenyewe. Na yale maneno ya chini ya risiti, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, yasikutishe kupita kiasi. Yanamhusu aliyebadili nia. Muuzaji aliyeandikiwa geji 30 akaleta 32 hajatimiza agizo, risiti iseme itakavyo. Isitoshe, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaokubalika, na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake.

Mambo yakichacha, wengi hukimbilia kituo cha polisi. Kukosea geji si jinai, na askari anayemtia fundi ndani hadi “alipe mabati ya watu” anafanya kazi isiyo yake. Chifu anaweza kuwapatanisha, lakini hana mamlaka ya kuamua kandarasi yenu. Wazee, abagaka, wanafaa zaidi ya wanavyosifiwa, kwa kuwa mara nyingi fundi ni jirani au mtoto wa baba mdogo, na mtakutana tena kwenye matanga. Wanaweza kuamua mambo ambayo hakimu hatayafikiria: fundi apige upande uliobaki bila malipo, mwenye nyumba anunue mabati yaliyopungua, yaliyotobolewa yaezeke jiko la nje. Kilichoamuliwa kiandikwe tu, na wote watie sahihi.

Wazee wakishindwa, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliwekwa kwa ajili ya migogoro ya namna hii. Mahakama hiyo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa, na unaweza kujisimamia bila wakili. Haibanwi sana na kanuni za ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp, picha ya mzigo ukiwa bado kwenye pikapu na ile karatasi ya fundi vinaweza kupokelewa. Mwenye karatasi iliyochanwa kutoka mfuko wa simiti, yenye neno “Mabati 30”, atapata shida kumweleza mwamuzi ni nani aliyekosea.

Wapo mafundi watakaokataa kutia sahihi, waseme wamejenga miaka yote bila karatasi. Wengine ni kweli, tena ni mafundi wazuri. Lakini asiyetaka kuandika geji aliyoichagua mwenyewe anakuambia mapema ni nani atakayebeba kosa likitokea, na wakati huo paa lako la zamani bado liko juu.