Wakili kwanza, katapila baadaye

Mwezi Septemba 2011 jimbo la New Jersey, nchini Marekani, lilikubali kuilipa serikali ya shirikisho dola milioni 95 kwa ajili ya handaki la reli ambalo halipo. Handaki hilo lilikuwa lipite chini ya mto Hudson hadi New York. Kazi ilizinduliwa Juni 2009, na makisio yalifika dola bilioni 8.7. Oktoba 2010 Gavana Chris Christie akaifuta, akisema gharama zingepita makisio na ziada yote ingewaangukia walipa kodi wa jimbo lake.

Washington haikumnyima gavana haki ya kufuta mradi. Ilichofanya ni kufungua mkataba na kuonyesha kifungu: jimbo likiacha kazi kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wake, litarudisha fedha zote za shirikisho zilizokwisha kutolewa. Hesabu ikaja dola milioni 271. Jimbo likaajiri mawakili, likawalipa zaidi ya dola milioni 1, na baada ya mvutano mrefu deni likashuka hadi milioni 95, zilipwe kwa miaka mitano.

Wapo waliosema mawakili hao walikuwa ghali. Walioangalia hesabu waliona kuwa dola milioni 1 na kitu ziliokoa milioni 176. Lakini hesabu iliyo muhimu zaidi ni ile ambayo haikupigwa mapema: kabla ya gavana kutia sahihi ya kufuta mradi, je, gharama ya kuufuta ilikuwa imewekwa mezani kando ya gharama ya kuuendeleza?

Hapo ndipo lilipo somo kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo anayevutiwa na miradi ya barabara, reli na bandari ya Marekani. Fedha za shirikisho si zawadi, bali ni mkataba. Masharti yake hayaishii kwa gavana au meya aliyepiga picha siku ya uzinduzi. Yanateremka pamoja na fedha hadi kwa mkandarasi, kwa mwenye malori, kwa muuza nondo, na kwa mtu aliyeweka akiba yake katika hatifungani za mradi.

MFUKO WENYE KAMBA

Chanzo kikuu cha fedha hizo ni Mfuko wa Barabara Kuu ulioanzishwa mwaka 1956, unaojazwa hasa na kodi ya mafuta. Mwaka 1993 kodi hiyo iliwekwa senti 18.4 kwa galoni ya petroli na senti 24.4 kwa dizeli, na kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata haikupandishwa. Bei za zege na lami hazikungoja. Tangu 2008 Bunge la Marekani limelazimika mara kwa mara kuchota katika hazina kuu ili mfuko usikauke. Sheria kubwa ya miundombinu iliyotiwa sahihi Novemba 2021 iliongeza fedha nyingi, lakini mpango wake wa usafiri wa nchi kavu uliwekewa mwisho wa tarehe 30 Septemba 2026. Kwa hiyo mwekezaji anayesikia kwamba mradi "umeshapata fedha za Washington" hana budi kuuliza ni fedha za sheria ipi na za mwaka upi.

Kwa kawaida Washington hubeba hadi asilimia 80 ya gharama za barabara, na hadi asilimia 90 kwa barabara kuu zinazounganisha majimbo. Utaratibu wake ni wa kurejesha: jimbo hutumia kwanza, kisha hupeleka madai na kulipwa. Madai yakikataliwa, pengo hubaki kwa aliyekwisha kutumia.

Na madai hukataliwa kwa sababu nyingi. Sheria ya mishahara ya mwaka 1931, ijulikanayo kama Davis-Bacon, inataka vibarua walipwe kima kinachotumika katika eneo husika, na orodha ya malipo iwasilishwe kila wiki. Masharti ya kununua bidhaa za Marekani yanagusa chuma cha daraja. Kwa mabasi na mabehewa yanayonunuliwa kwa ruzuku ya usafiri wa umma, zaidi ya asilimia 70 ya gharama ya vipuri inatakiwa iwe ya vitu vilivyotengenezwa nchini humo, na uunganishaji wa mwisho ufanyike humo humo. Juu ya hayo ipo sheria ya mazingira iliyoanza kutumika Januari 1970, inayotaka athari za mradi zichunguzwe kabla ya uamuzi kutolewa.

MDOGO HUUMIA KWANZA

Mwenye malori mawili, awe mzaliwa wa Ohio au mhamiaji kutoka Mombasa, akipewa kazi ya kusomba kokoto katika mradi wa namna hii hujiona mtu wa pembeni. Sheria haimwoni hivyo. Mkataba wake na mkandarasi mkuu hubeba masharti yale yale, mara nyingi kwa kurasa za viambatisho ambazo hazisomi.

Akithibitisha kwa sahihi kwamba vibarua wamelipwa kima halali huku akijua hawakulipwa, halitakuwa kosa la karani tu. Sheria ya madai ya uongo ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wauzaji walipokuwa wakiliibia jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, inaruhusu serikali kudai mara tatu ya hasara yake, pamoja na faini kwa kila dai. Biashara ya malori mawili haihimili hesabu ya namna hiyo.

Kanuni hizo hizo pia humlinda, iwapo anazijua. Kanuni za shirikisho zinamtaka mkandarasi mkuu awalipe wakandarasi wadogo ndani ya siku 30 tangu apokee fedha kwa kazi yao. Wengi hungoja miezi kwa sababu ya kuogopa kumuudhi tajiri. Aliyesoma mkataba huandika barua yenye kutaja kanuni, na mara nyingi barua hiyo hufanya kazi kuliko simu kumi.

Hata upendeleo wa zabuni ni wa kuangaliwa upya kila mara. Mpango wa kuzisaidia kampuni ndogo za wasiojiweza ulioanzia 1983 kwa muda mrefu uliwachukulia wanawake na watu wa makabila madogo kuwa wanastahili moja kwa moja. Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi iliondoa dhana hiyo, na kila kampuni ikatakiwa kuthibitisha upya, kwa maelezo yake yenyewe, kwamba inastahili. Aliyejenga makisio ya biashara yake juu ya cheti hicho alijikuta akianza upya.

MWENYE HATIFUNGANI AJIULIZE

Kwa mwekezaji, mfano mzuri ni barabara ya kulipia ya South Bay Expressway, karibu na San Diego, iliyofunguliwa Novemba 2007. Ilijengwa kwa mikopo ya mabenki pamoja na mkopo wa shirikisho wa dola milioni 140 chini ya mpango wa TIFIA ulioanzishwa 1998. Magari yalikuja machache kuliko yaliyotabiriwa, mashauri ya wakandarasi yakaongezeka, na Machi 2010 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Katika mikopo ya TIFIA kuna kifungu ambacho wengi hukipita haraka. Mradi ukiwa mzima, mkopo wa serikali unaweza kukaa nyuma ya wadai wengine. Mradi ukifilisika, kwa kawaida mkopo huo husogea mbele na kusimama bega kwa bega na wadai wa kwanza. Aliyedhani serikali iko nyuma yake hugeuka na kuikuta ubavuni, na wote wanagawana kilichobaki. Kifungu hicho si siri, kimo katika sheria. Lakini bei ya hatifungani huwekwa siku ya furaha, na kifungu huamka siku ya msiba.

MAHAKAMA NAYO INA SAA YAKE

Reli ya Honolulu, Hawaii, inaonyesha upande mwingine. Ujenzi ulikwisha kuanza wakati Mahakama Kuu ya Hawaii ilipoamua, Agosti 2012, kwamba uchunguzi wa makaburi na mabaki ya kale ulitakiwa ukamilike kwa njia yote ya maili 20 kabla ya kazi kuanza, siyo kipande kwa kipande. Kazi ikasimama kwa takriban mwaka mmoja. Desemba 2012 Washington iliahidi dola bilioni 1.55 wakati mradi ukikadiriwa kugharimu bilioni 5.12. Gharama zilipozidi sana, Washington ikashikilia dola milioni 744 zilizobaki hadi ilipokubali mpango mpya wa wenyeji mwaka 2022. Abiria wa kwanza walipanda Juni 2023.

Hapo tatizo halikuwa kwamba sheria ipo. Sheria ilijulikana. Tatizo lilikuwa kuanza kazi kwa matumaini kwamba mahakama ingekubali njia ya mkato.

Yapo maendeleo yanayowapa nafuu wajenzi. Kwa miradi mingi ya barabara na usafiri wa umma, mara serikali inapotangaza rasmi kibali chake, anayetaka kukipinga mahakamani hupewa siku 150 tu. Na Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la reli ya maili 88 huko Utah, iliwataka majaji wa chini wawe na staha zaidi kwa uamuzi wa idara zilizofanya uchunguzi wa mazingira. Mwekezaji makini huweka tarehe hizo kwenye kalenda yake. Mradi ambao siku 150 zimepita bila shauri si sawa na ule ambao bado una siku 140 mbele.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo wanaosema, na si bila sababu, kwamba wakili hawezi kumlinda mtu dhidi ya siasa. Mei 2019 Washington iliifutia California dola milioni 929 za reli ya mwendo kasi, na Juni 2021, chini ya utawala mwingine, fedha hizo zikarejeshwa. Julai 2025 ruzuku nyingine za reli hiyo, takriban dola bilioni 4, zikafutwa. Oktoba 2025 malipo ya miradi miwili ya New York yenye ruzuku za takriban dola bilioni 18 yalisimamishwa. Mmoja wao ulikuwa handaki jipya chini ya mto Hudson, mrithi wa lile alilolifuta gavana mwaka 2010.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inaunga mkono ushauri wa sheria badala ya kuuvunja. Siasa zinapogeuka, anayebaki na cha kushika ni yule ambaye mkataba wake unaeleza wazi nani hubeba hasara ya kusimama kwa kazi, kwa siku ngapi, na kwa bei gani. Asiye na kifungu hicho hubaki na malalamiko tu.

Wala jambo hili si la ng'ambo peke yake. Mwaka 2008 Marekani na Tanzania zilitia sahihi msaada wa dola milioni 698 wa Shirika la Changamoto za Milenia, ambao kati ya kazi zake zilikuwamo barabara za Tanga–Horohoro na Tunduma–Sumbawanga. Kazi zilifanyika na barabara zinatumika. Awamu ya pili, ya dola milioni 472, ililenga umeme, na Machi 2016 bodi ya shirika hilo iliisimamisha ikitaja uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Waliokuwa wamekwisha kujipanga kuuza nguzo na nyaya walijifunza kwamba hata sharti lisilohusu nguzo wala nyaya linaweza kufunga mlango.

MASWALI MANNE

Mfanyabiashara mdogo atasema wakili wa Marekani hutoza kwa saa, na saa moja humaliza faida ya wiki. Ni kweli. Lakini maswali ya msingi yako manne, na wakili mmoja anaweza kuajiriwa na wafanyabiashara watano kwa pamoja ili kuyajibu.

Kwanza, fedha za shirikisho zimeshafungwa kwa mkataba kamili, au ni ahadi ya barua? Pili, mradi ukifutwa au kusimama, nani anarudisha nini? Tatu, vibali vya mazingira vimetangazwa lini, na muda wa kuvipinga umekwisha? Nne, mradi ukifilisika, serikali inasimama wapi katika foleni ya wadai?

Mradi ambao wenyewe hawawezi kuyajibu maswali hayo kwa maandishi haujafika sokoni, hata kama katapila zimekwisha kuwashwa. Anayeununua hatifungani zake adai riba kubwa zaidi, na anayeuuzia kokoto adai malipo ya awali. Wakikataa vyote viwili, fedha zibaki mfukoni.