Kericho na Bomet hawakusubiri aliyeshindwa aondoke

Vijana barazani huniuliza mbona Uingereza kiongozi akishindwa uchaguzi huachia chama, na hapa kwetu hubaki. Ed Miliband alijiuzulu uongozi wa Labour siku moja tu baada ya uchaguzi wa Mei 2015. Kenya chama ni cha mtu, na kura zake, hata akishindwa, huongeza fungu la chama kutoka serikalini. Nani atamwambia toka?

Mimi natazama mbali na bahari, kwenye majani chai ya Kericho na Bomet. Kule anayetoka ni mpiga kura.

Mwaka 2002 Uhuru Kenyatta alishindwa na Mwai Kibaki akiwa na tikiti ya KANU, chama ambacho Wakipsigis walikishika tangu enzi za Mzee Moi. Hakufifia. Mwaka 2005 alimshinda Nicholas Biwott akawa mwenyekiti. Lakini 2007, alipomuunga mkono Kibaki, alikuta Kericho na Bomet wamekwishahamia ODM na William Ruto. Ilibidi aiache KANU 2012, akaunda TNA, ndipo akaupata urais.

Marehemu Raila naye alizoa kura zao 2007. Yakaja mambo ya kuhamisha watu msitu wa Mau, zikaja kesi za Hague, na 2013 wakaenda URP. Kisha Jubilee, kisha UDA. Hata Isaac Ruto, gavana wao wa kwanza Bomet, alipowaitia Chama Cha Mashinani 2017 walimwangusha, wakamchagua Joyce Laboso wa Jubilee.

Wapo wanaowaita vigeugeu. Mimi sioni hivyo. Mtu wao ni mmoja, William Ruto, ila vyama wamevibadilisha kama kanzu, na mtu huyo sasa yuko Ikulu.

Sisi Pwani tumeshika chama. Mombasa na Kilifi tulimpa Raila kura 2007, 2013, 2017 na 2022, na katika miaka yote hiyo ODM haikusimamisha Mpwani kuwania urais. Wala hatukuomba, tuseme kweli. Raila alipofariki Oktoba 2025, uongozi wa chama ulimwendea kakake, Oburu Oginga.

Wajumbe wetu wakipanda basi kwenda mkutano mkuu wa chama, wanakwenda kuomba nini?