Kimea si cha Mbege Tu

Hapa Umeru, kama kule Uchaggani, ukitaja kimea cha ulezi watu hufikiri mbege. Mimi nasema anayekihitaji zaidi ni mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza kula. Kabla ya hapo anyonye tu.

Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito humshinda kumeza. Mama akiongeza maji, mtoto anashiba maji. Kwenye mizani ya kliniki uzito haupandi, na mama analaumiwa. Kumwongezea unga wa lishe wa nafaka kumi, tena wa bei kubwa, hakusaidii ikiwa uji wenyewe ni maji.

Ulezi unapochipua hutengeneza kimeng'enya. Wanga uliopikwa ni kama minyororo mirefu inayoshika maji, ndiyo maana uji huwa mzito. Kimeng'enya huikata vipande vifupi vyenye utamu. Mate yetu yana kitu cha namna hiyo: tafuna ugali kwa muda, utaonja. Kwa hiyo kijiko kimoja cha kimea hulainisha uji uliopikwa kwa unga mwingi, na mtoto akaunywa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza jambo hili tangu miaka ya 1980, nasi tumeliacha kilabuni.

Wapo wanaosema wamejaribu wakashindwa. Wengi hukitupia kwenye uji unaotokota. Moto huua vimeng'enya. Hata hapa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95, hilo ni joto tosha. Epua uji, upoe hadi uwe wa vuguvugu, tia kimea, koroga, subiri dakika 10. Ukipoa kabisa kazi huenda polepole. Limao litiwe mwishoni, maana ukali wake huvidhoofisha. Halafu rudisha uji jikoni uchemke tena, kwa kuwa kimea ni unga mbichi na huenda kina vijidudu.

Kukitengeneza ni rahisi: loweka ulezi usiku mmoja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu (baridi ya Julai huko mlimani huongeza siku), anika, pukuta vichipukizi, saga. Ukiona ukungu, tupa wote, hata kuku wasipewe. Na usioteshe mtama badala ya ulezi, kwani vichipukizi vyake vina sumu.