MAONI: Egzosi ya kelele si nguvu, wasee wa nduthi mnajihadaa

Ukiwa Kitui mjini, Mwingi, Wote ama Emali, huhitaji kuchungulia dirishani kujua ni nduthi gani imepita. Ile yenye sailensa ya kiwandani huisikii hadi ikukaribie. Ile nyingine unaisikia ikiwa ng'ambo ya mto, na ikishapita mtoto ameamka, mbwa wanabweka, nawe umesahau ulichokuwa ukisema kwa simu. Ukiuliza, utaambiwa hiyo egzosi haikununuliwa dukani. Ilitengenezwa hapa hapa, nyuma ya nyumba ya mtu, kwa grainda na mashine ya kuchomelea.

Niseme mapema nisieleweke vibaya. Sina shida na kijana anayejitengenezea egzosi nyumbani. Huyo namheshimu. Kukunja paipu bila kuiponda, kupima pembe kwa macho na kuunganisha chuma chembamba bila kukitoboa si mchezo. Wakamba walisifika kwa mikufu myembamba ya shaba na chuma kitambo kabla ya pikipiki kufika huku, kwa hivyo mkono huo haukuanza jana. Kinachoniudhi ni kwamba mteja akifika kwa fundi huyu, ombi lake huwa moja tu: "Ifanye ilie." Na fundi anaifanya ilie. Ujuzi wote ule unaishia kwa kelele.

Tuanze na lile neno ambalo kila stendi ya boda inaliamini, kwamba ukitoa sailensa pikipiki inapata nguvu.

Boxer, TVS ama Honda unayoendesha ina injini ya mipigo minne na silinda moja. Valvu ya moshi ikifunguka, moshi hautiririki kama maji ya mfereji. Unatoka kwa vishindo, kishindo kimoja kila injini inapozunguka mara mbili. Kishindo hicho kikisafiri ndani ya paipu, kinaacha nyuma yake mvuto unaosaidia kutoa moshi uliobaki kwenye silinda ili hewa mpya ipate nafasi. Upana na urefu wa paipu ndio unaoamua mvuto huo utafika wakati gani, yaani utasaidia injini ikizunguka kwa kasi ipi. Paipu pana na fupi inaweza kusaidia injini ya mashindano inayozunguka kwa kasi ya juu mno. Sasa niambie, ni boda gani ya Mutomo ama Kibwezi inafanya kazi hivyo? Wewe unapanda kilima kwa gia ya pili, abiria wawili nyuma na gunia la ndengu juu ya tangi, injini ikizunguka polepole. Hapo ndipo paipu pana inapokunyima nguvu. Unaongeza mafuta, kelele inapanda, na kwa sababu masikio yamejaa unadhani pikipiki imejaa nguvu.

Kuna jingine. Kabureta ilipangwa kiwandani ikijua egzosi itakuwa ya aina gani. Ukifungua njia ya moshi bila kugusa kabureta, injini inaweza kuanza kupata hewa nyingi kuliko petroli. Inachemka kuliko kawaida, na ukiachilia mafuta inatoa ile milio ya pa-pa-pa ambayo wasee wanaishangilia. Mnashangilia injini inayolalamika, buda.

Lakini usiniamini mimi kwamba paipu ni sayansi. Enda Ujerumani Mashariki ya miaka ya 1950. Katika mji wa Zschopau, kiwanda cha pikipiki cha MZ hakikuwa na pesa za kushindana na makampuni makubwa. Kilikuwa na mhandisi aitwaye Walter Kaaden. Huyu alichukua injini ndogo za mipigo miwili, zile ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwa moshi wa bluu kwenye Yamaha za maafisa wa kilimo, akaanza kusoma jinsi mawimbi ya moshi yanavyokwenda na kurudi ndani ya egzosi. Akachonga egzosi za bati zilizotanuka katikati na kusinyaa mwishoni, ili wimbi linaporudi lisukume ndani petroli iliyokuwa ikitoroka. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25. Kwa injini ndogo hivyo, isiyosukumiwa hewa na mashine nyingine, hakuna aliyekuwa amefika hapo.

Mwaka huohuo wa 1961, mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka kupitia mashindano ya Sweden, akaenda na siri hizo hadi Suzuki ya Japani. Mwaka uliofuata Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50, Degner akiwa juu yake. Yaani mtu alihama nchi na mojawapo ya vitu vya thamani kichwani mwake ilikuwa namna ya kukunja bati la egzosi. Kaaden hakufika pale kwa kukata sailensa na kungoja majirani walalamike. Alipima, akajaribu, akapima tena.

Utaniambia Boxer ni mipigo minne na hesabu ni tofauti. Kweli kabisa. Ndiyo maana usiige umbo la egzosi uliyoiona kwenye video ya nchi nyingine na kulibandika kwa injini ambayo haikuliomba. Chukua egzosi ya kiwandani, hata kama imeoza, pima upana wa ndani wa paipu yake ya mbele na urefu wake, kisha uanzie hapo.

Kukunja nako kuna akili yake. Ukikunja paipu tupu inabonyea. Mafundi hujaza mchanga, wakaziba ncha zote mbili, wakapasha moto na kukunja polepole. Mchanga tunao, tena Makueni wameutungia sheria yake tangu 2015 kwa vile walanguzi walikuwa wanaumaliza mitoni. Ila ukaange kwanza kwenye karai hadi ukauke kabisa. Mchanga ukiwa na unyevu, maji yatageuka mvuke ndani ya paipu iliyozibwa na kile kizibo kitaruka kama risasi. Kama huna moto wa kutosha, kata vipande vya pembe uviunganishe kimoja kimoja. Inachukua muda, lakini inatoka safi. Na ukichomelea kwa rodi nene ya geji 10 kwenye paipu nyembamba, jiandae kuziba matundu siku nzima. Tafuta rodi nyembamba zaidi, ushike kwa nukta chache kwanza kabla ya kuzungusha.

Sailensa yenyewe si bati tupu. Ndani kuna vyumba vinavyomlazimu moshi kugeuka geuka, ama paipu yenye vitundu iliyozungushiwa sufi ya kioo inayomeza sauti. Kuna wanaojaza stili wuli ya kusugulia sufuria. Hiyo inaungua na kupeperuka mapema, na baada ya muda unarudi pale pale kwa kelele. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kuzuia sauti ya bunduki mwaka 1909, alitumia wazo hilohilo kwa injini za petroli. Baba yake ndiye aliyeunda bunduki ya Maxim, ambayo wakoloni walikuja nayo Afrika Mashariki. Baba alileta kelele, mtoto akatafuta namna ya kuizima. (Hiyo hadithi huwa inanichekesha.)

Sasa tuongee kuhusu wewe fundi, kwa sababu nikipita kwenye karakana hizi za nyumbani kuna mambo yananitia hofu kuliko kelele. Paipu ya maji iliyopakwa zinki inapatikana kwa urahisi, basi ndiyo inayokatwa na kuchomelewa. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni unapata homa, baridi na maumivu ya viungo, unadhani ni malaria. Mtaani dawa ni pakiti ya maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, lakini yanaenda tumboni na moshi uko kwenye mapafu. Tumia paipu nyeusi. Ukikosa, iondoe zinki yote mahali utakapochomelea, fanya kazi nje na usimame upande unaotoka upepo. Miwani ya jua nayo si kinga. Ile hali ya macho kuwasha usiku kama yamejaa mchanga ni jicho lililochomwa na mwanga, na barakoa ya kuchomelea ni rahisi kuliko jicho. Na usijaribu injini ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu ya kukuonya.

Upande wa sheria nitapita haraka kwa sababu unaujua hata kama unajifanya huujui. Sheria za trafiki zinataka chombo kiwe na sailensa inayofanya kazi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Usiku hizo 35 ni karibu na mnong'ono. Karao akikusimamisha huna la kujitetea, na hapo ndipo mapato ya siku yanapoingia mfuko wa mtu mwingine bila risiti. Sifurahii hilo. Kuwakamata vijana na kuwanyang'anya egzosi bila kuwaonyesha jinsi ya kutengeneza iliyo sawa ni kazi ya kurudiwa kila mwezi.

Kuna wale wa "kelele inaniokoa, madereva wananisikia". Simama kando ya barabara ya Mombasa pale Makindu uone. Mlio wa egzosi unaelekea nyuma. Dereva wa lori anayekuja mbele yako, madirisha yamefungwa na redio inacheza, atakusikia ukiwa umeshamfikia. Taa iliyowashwa na jaketi la kung'aa vinamfikia mapema zaidi. Anayeisikia egzosi yako saa zote ni wewe. Wataalamu wa afya kazini hutumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Wewe uko juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku. Kama masikio yanakulia nziii ukilala, si mbu.

Na fikiria yule mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Makueni pale Wote, ama mama aliyejifungua usiku huo. Ukija msimu wa siasa ni balaa zaidi, maanake mheshimiwa anajaza tangi na anachotaka ni msafara unaonguruma. Yeye akimaliza analala mahali kwenye ua mrefu. Nyinyi mnarudi mtaani na hizo egzosi.

Kama damu yako inataka mdundo, sawa, nami napenda sauti nzuri ya injini. Tengeneza kizibo cha ndani kinachofungwa kwa boliti moja. Siku ya maonyesho ama mashindano, mbali na nyumba za watu, unakitoa. Ukirudi kazini unakirudisha. Fundi anayeweza kutengeneza kizibo hicho kikakaa imara bila kutetemeka ana kitu cha kuuza.

Ila kama mimi ndiye ningekuwa na mashine ya kuchomelea nyuma ya nyumba Kitui, nisingeanza na mlio hata kidogo. Ningeanza na mguu wa kulia. Angalia miguu ya watu unaowajua, hasa akina mama na watoto wa shule wanaobebwa na boda. Utaona lile kovu la mviringo ndani ya mguu. Ni egzosi. Kinga ya joto iliyokuja na pikipiki ilianguka zamani, na hakuna aliyejisumbua kuirudisha. Kipande cha bati chenye vitundu, kilichoshikwa kwa vibanio na kuachiwa nafasi ya hewa ya sentimita moja hivi kati yake na paipu, kinatosha kuzuia ngozi isiguse chuma cha moto. Ni kazi ya saa moja. Sijui kwa nini hatujaifanya biashara, wakati kila stendi ina makumi ya pikipiki zisizo nayo.

Fundi wa namna hiyo aende pia NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, afanye mtihani wa ujuzi wa kuchomelea, daraja la tatu hadi la kwanza. Hawahitaji uwe umemaliza chuo kikuu. Pikipiki za stima zinaongezeka na hazina egzosi kabisa, lakini zina vyuma, vibebeo na fremu zinazohitaji mkono unaojua chuma, na mwenye cheti ataitwa kabla ya asiye nacho.

Nawe mteja, ukienda kwa fundi wiki hii, usianze na "ifanye ilie". Muulize amepima upana wa paipu ya zamani? Ameweka gasketi mpya pale kwenye silinda? Ndani ya sailensa ameweka nini, na kinga ya joto iko wapi?