TAHARIRI: Kibali kimfikie mgonjwa kitandani

Waliozoea kuzuru wagonjwa huko Machame, Kibosho na Rombo wanaijua hali hii. Mgonjwa wa saratani ya umio ameshuka hadi mjini, amepimwa, ameelezwa kuwa maradhi yamekwisha kuenea, kisha amerudishwa nyumbani migombani na vidonge vya Panadol. Anayekesha naye ni mkewe au bintiye, na kwa maumivu yale Panadol si dawa.

Huduma anayoihitaji mtu huyo huitwa tiba shufaa. (Jina limefaa: shufaa ni kumsimamia mtu, si kumwahidi kupona.) Dawa yake kuu ni mofini ya kunywa, nayo imo chini ya sheria kali ya dawa za kulevya ya mwaka 2015.

Wapo miongoni mwetu wasemao kuwa kumhudumia anayekaribia kufa ni ibada, hivyo dola haina haki ya kudai leseni. Hatukubaliani nao. Mgonjwa wa namna hii hawezi kushitaki. Akipewa kipimo kisicho chake, ushahidi huzikwa pamoja naye. Anayefungua chumba nyuma ya msikiti na kukiita hospisi, pasipo tabibu wala daftari la dawa, anaichezea amana. Wala kibali si jambo geni kwetu: sheria ya mwaka 1977 ilipozuia biashara ya tiba ya watu binafsi, hadi ilipolegezwa mwaka 1991, mashirika yaliyoidhinishwa, ya dini yakiwamo, yaliendelea kutibu.

Ila fikra ya leseni imezoea kukagua jengo na vitanda, ilhali mgonjwa wetu yuko kwake na daktari yuko mjini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ule ule unaozibana dawa hizi, umekiri kuwa hapana budi nazo katika kutuliza maumivu. Waganda walilielewa hilo. Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea fani hii kuandika mofini.

Tunaiomba Wizara ya Afya ifuate njia hiyo hadi huku mlimani: muuguzi aliyehitimu fani hii apewe leseni kwa jina lake, akabidhiwe chupa na daftari, akaguliwe kila mwezi, apande nayo hadi Rombo. Nauli yake misikiti yetu inaiweza.