Pikipiki ya Babu Isipimwe kwa Kilo

Ukipita Kahama, Katoro au Masumbwe siku yoyote, utakutana na vijana wanasukuma toroli lenye mzani juu. Wananunua chuma chakavu. Masufuria yaliyotoboka, majembe, rimu za baiskeli, vyuma vya karasha vilivyokatika, vyote vinapimwa kwa kilo na kupelekwa kuyeyushwa. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki kama sisi tunavyolisubiri bumu. Ugomvi wangu ni na wenye mali, wanaochukua kitu kisichopimika kwa kilo na kukiweka wenyewe kwenye mzani. Nasema hivi kwa sababu ukoo wetu una kitu cha namna hiyo, na kikao kimeshakaa.

Kitu chenyewe ni pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam D1, cc 123, gia tatu. Babu aliinunua kwa mtu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa karani wa chama cha ushirika cha pamba huku Shinyanga. Enzi hizo wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na shirikisho lao kubwa, lile la Victoria lililoundwa mwaka 1955 na kuhusishwa sana na jina la Paul Bomani, na karani alitakiwa afike kila kituo cha kununulia pamba, barabara iwepo isiwepo. Pikipiki ilifanya kazi hiyo miaka mingi, kisha ikaingizwa kwenye banda la kuku. Mwaka jana babu alifariki. Baada ya arobaini, baba wakubwa na baba wadogo wakakubaliana iuzwe. Bei waliyotajiwa haifikii nauli ya kwenda Dar na kurudi. Nikaomba. Nikapewa muda hadi mavuno ya mpunga: ikiwaka, inabaki nyumbani, isipowaka, mzani.

Nikisimulia haya hosteli, watu wanagawanyika. Wa kwanza wanasema niachane nayo, nijichange ninunue SanLG ya mkononi. Wa pili wanasema ipigwe rangi, ing'arishwe, iuzwe kwa mwenye hoteli aiweke mapokezi watu wapige nayo picha. Hawa wa pili ndio wananiudhi zaidi. Wale wa kwanza angalau wanajua pikipiki ni ya kupandwa.

Wapo pia wa tatu, hasa wenzangu wa somo la historia, wanaouliza kwa nini kijana wa leo ahangaike na mabaki ya mkoloni. Swali zuri, ila lina shida. Bantam haikubuniwa na Mwingereza. Ni pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake ilichukuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kama fidia. BSA waliigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo ili gia ije mguu wa kulia kama walivyozoea wao, wakaanza kuiuza mwaka 1948. Warusi nao waliichukua michoro hiyohiyo, Harley-Davidson wa Marekani wakaichukua, na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilitokana na muundo huohuo. Sasa niambie ni ya nani. Mimi najua jambo moja, kwamba ile ya bandani ililipiwa kwa mshahara uliotoka kwenye pamba ya Wasukuma.

Tuje kwenye injini, maana hapo ndipo raha ilipo. Bantam haina pampu ya oili. Oili unaichanganya na petroli ndani ya tangi, na mchanganyiko huo hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, ndipo usukumwe juu kwenda kuungua. Kwa hiyo chumba cha krenki lazima kizibe kabisa. Sili za krenki zikichakaa, injini inavuta hewa isiyotakiwa, haiwaki, au inawaka inapata joto hadi inaua pistoni. Unaweza kubadilisha plagi, ukaosha kabureta mara kumi, ukapiga kiki mpaka goti lilie, na tatizo liko mahali usipopaona. Mafundi wengi vijana wamekulia kwenye Boxer na SanLG ambazo oili yake inakaa peke yake chini, kwa hiyo hawafikirii huko. Fundi niliyempata Kahama ni mzee. Alizoea zile Yamaha za mabwana shamba. Aliitazama, akaziba tundu la kabureta kwa kiganja, akazungusha krenki taratibu, akasikiliza, kisha akasema, "Hii inapumua pembeni." Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya kiganja na sikio.

Ringi za pistoni pia zilinifundisha kitu. Kwenye injini kama hii ukuta wa silinda una matundu ya kupitisha mchanganyiko na moshi. Ringi ikijizungusha, ncha zake zinaweza kunasa kwenye tundu na kuvunjika, ndiyo maana kuna kipini kidogo kwenye mfereji wa pistoni kinachoizuia isizunguke. Ukiifunga bila kuangalia kipini, umeua injini kabla haijawaka. Halafu nati zake si za milimita. Spana namba 12 haiingii na 14 inacheza. Kijana mwenye haraka anachukua praisi na kuila nati kona zote. Mzee alichukua spana ya zamani akaipiga tupa taratibu mpaka ikakaa. Ilimchukua asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nashika kitasa cha jiti na kuuliza maswali.

Sili za saizi ile hazipo dukani Kahama, wala sikutarajia ziwepo. Tulikwenda kwa mtu wa mashine ya kukereza akatuchongea bushi, ili sili ya kawaida inayouzwa mjini ikae mahali pa ile ya zamani. Hapa naomba wasomaji wa Dar na Dodoma wasikilize. Ukanda huu wa dhahabu watu wanaujulia wachimbaji wadogo, maduara na vumbi. Hawaujui kwa mafundi wake. Shafti ya karasha ikikatika, mwenye mwalo hawezi kusubiri kipuri kutoka China mwezi mzima, mawe yake yamelala na vibarua wanataka posho. Inachongwa nyingine, mara nyingi palepale. Ndiyo maana kuna watu Kahama na Geita wanaoweza kuangalia chuma kilichovunjika na kukitoa upya bila mchoro. Mgodi wa Buzwagi ulifunga uzalishaji mwaka 2021, lakini tupa na mashine za kukereza za mtaani hazikufungwa. Kutengeneza pikipiki iliyoacha kutoka kiwandani zaidi ya nusu karne iliyopita ni kazi ileile ya kila siku ya mafundi hawa, ila tu safari hii kuna mtu amesimama pembeni anaandika.

Na huyo anayeandika ni mwanafunzi wa elimu. Serikali imeshaamua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na kuanzia 2024 umeanza kidato cha kwanza katika baadhi ya shule. Sisi tuliopo vyuoni sasa ndio tutakaopelekwa kwenye shule hizo. Jamani, tuulizane kwa uaminifu: wangapi kati yetu wameshawahi kufungua kitu kikafunguka na kikafungika? Tunajua kuandaa andalio la somo, tunajua malengo mahususi, tunajua kunukuu wanasaikolojia wa ujifunzaji. Mzee wa Kahama hajui hata mmoja wao, ila nilimwona akimpa mwanagenzi wake kabureta, akamwambia aifungue, aipange kwenye gazeti kwa mpangilio aliofungulia, kisha akaondoka kwenda kunywa chai. Aliporudi hakuuliza "umeelewa?" Alichukua kipande kimoja, akakificha mfukoni, akamwambia aifunge. Kijana alikwama, akatafuta, akasema kinachokosekana ni nini na kazi yake nini. Mimi kwa tathmini ile nampa mzee A.

Pikipiki mpya haiwezi kufundisha hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake imefungwa ndani ya kijiboksi. Kikifa unatupa, unanunua kingine. Bantam ina platini. Unaziona zinafunguka na kufunga, unazisafisha kwa msasa, unapima upenyo wa takribani milimita 0.4, na cheche inarudi mbele ya macho yako. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeambiwa kuhusu umeme na sumaku ataelewa pale kuliko kwenye mchoro wa ubaoni.

Sasa, ikishawaka, inakwenda wapi? Jibu langu ni kwenye mawe. Uingereza kuna mashindano wanayaita traiali, yaani majaribio. Hushindani kwa mbio. Unapewa kipande kifupi cha njia mbaya, miamba, tope, mizizi ya miti, unapita polepole bila kuweka mguu chini. Mguu mara moja, pointi moja. Mara mbili, mbili. Tatu na kuendelea, tatu. Ukishindwa kumaliza, tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Yale maarufu ya siku sita huko Scotland yalianza mwaka 1909, na siku hizi kijiji cha Kinlochleven kina yake ya pikipiki za kabla ya 1965 tu. Kwa nini 1965? Mwaka huo bingwa Sammy Miller, aliyekuwa akitumia Ariel nzito ya Kiingereza, alishinda Scotland kwa Bultaco nyepesi ya Kihispania, na zama za pikipiki za Kiingereza kwenye mchezo ule zikaisha. Wanaopenda za zamani wakajitengea uwanja wao. Bantam wanazipenda kwa sababu ni nyepesi. Wanafunga sproketi kubwa nyuma ili itambae, wanainua ekzosi isigonge mawe, basi.

Mawe tunayo. Majabali ya kwetu Shinyanga yanatosha, na wakati wa masika ule udongo mweusi wa mbugani ni mtihani kuliko tope lolote la Scotland. Na hapa sizungumzii burudani tu. Bodaboda wa geti letu wengi wamejifunza pikipiki kwa siku moja au mbili, na walichojifunza ni kukimbia. Kwenda polepole ukiwa na abiria nyuma, kushika klachi nusu, kusawazisha mwili kwenye utelezi bila kupiga breki ya ghafla, hakuna anayewapima. Wanaoanguka nao ni sisi.

Ndiyo maana napendekeza kwa Waziri wa Michezo wa serikali yetu ya wanafunzi: bonanza lijalo, badala ya mpira na kuvuta kamba peke yake, tuweke kipande kimoja cha traiali nyuma ya viwanja. Gharama yake ni chokaa, kamba, mawe na watu watatu wa kuhesabu miguu. Bodaboda wa getini waje na pikipiki zao hizohizo, helmeti lazima, wanafunzi wenye leseni waje pia. Naahidi watakaojiamini sana kwa mbio wataweka miguu chini kabla ya jiwe la tatu.

Nitakuja na Bantam kama itakuwa tayari. Kwa sasa krenki iko kwa mtu wa kukereza, tangi limeoshwa kutu kwa mawe madogo na mafuta ya taa, rangi sitaigusa, ile kijani iliyofifia na mikwaruzo ya babu vibaki vilivyo. Mpunga unaanza kutoa masuke. Kama kuna mtu kwao kuna seti ya spana za inchi zimelala, aniazime, nitazirudisha na oili juu. Na atakayetaka kuijaribu siku hiyo akumbuke: gia iko kulia, breki iko kushoto.