Gari la Kukodi

Msomaji kijana, yamkini umekwisha kupewa kazi ya kutunga wimbo pamoja na wenzako na kuutilia picha, iwe kwa mradi wa darasani au kwa tamasha la filamu la shule. Yamkini pia mliambiwa mfuate ada za utanzu. Agizo hili ni jema, lakini limegeuzwa kuwa vazi la kufunikia uvivu wa kufikiri. Nimetazama video za wanafunzi wa Kitui na Makueni zisizo na upungufu wa bidii: fedha zimechangwa, gari limekodiwa kwa siku moja, miwani myeusi imeazimwa, na wasichana watatu wamesimamishwa kando ya gari wayumbishe viuno mbele ya mwimbaji asiyewatazama. Wimbo wenyewe ni benga, na habari yake ni mama anayefukua mchanga wa mto mkavu apate maji. Gari lina kazi gani pale? Ukiuliza hujibiwa, "Ndiyo ada ya utanzu."

Siyo. Hiyo ni ada ya utanzu wa watu wengine, tena imenakiliwa nusu.

Ada ya utanzu ni mapatano baina ya mtunzi na msikilizaji. Benga ilizaliwa kwa Waluo kando ya Ziwa Victoria, ikasafiri, na katika miaka ya 1970 ikapata makao Ukambani mikononi mwa watu kama Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers, na Peter Mwambi na Kyanganga Boys wake. Huku ilipata tabia yake. Gitaa la pili halikubali kuwa mtumwa wa la kwanza, bali hulizunguka kwa sauti nyembamba isiyokatika, kama nyuki na mzinga. Ngoma ya mguu hupiga kila pigo sawasawa. Mwimbaji hutoa kisa na kutaja watu kwa majina. Kisha maneno hunyamaza na magitaa huchukua wimbo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo wachezaji waingojeayo. Katika siku za santuri ndogo wimbo mmoja aghalabu uligawanywa pande mbili, na mtu alikuwa radhi kuinuka kitini akaigeuze santuri ili asiikose.

Na wanafunzi wetu hufanyaje? Huona wimbo wao una dakika sita, na video walizozoea kutazama zina dakika tatu, basi hukata sehemu ya pili yote. Gari hubaki, magitaa hutupwa! Halafu twaambiwa kwamba ada zimefuatwa.

Sehemu ya lawama ni ya orodha zinazokaririwa. Ipo moja ambayo hunasibishwa na Andrew Goodwin, mtaalamu aliyechapisha kitabu juu ya televisheni ya muziki mwaka 1992: kwamba video huwa na alama za utanzu wake, kwamba picha huhusiana na maneno na mapigo ya wimbo, kwamba uso wa mwimbaji huletwa karibu mara kwa mara, kwamba miili, hasa ya wanawake, huwekwa itazamwe. Orodha hii inaeleza yaliyoonekana, haiamuru. Uso uliletwa karibu kwa sababu kampuni ya santuri ilikuwa ikiuza uso ule. Wewe wa kidato cha tatu huko Mutomo unamwuzia nani uso wako? Na wale wasichana watatu, ambao darasani hukushinda hesabu, umewaweka pale wauze nini? Desturi iliyozaliwa na biashara haifai kuchukuliwa kabla hujaiuliza sababu yake.

Anzeni kwa wimbo, si kwa picha za wimbo mwingine. "Katelina" wa Kalambya Sisters, uliovuma katika miaka ya 1980, una msichana mwenye jina, mwenye kiu ya uki na mikosi iletwayo na kiu hiyo. Nani angethubutu kuutilia picha asimwonyeshe Katelina? Kisa kikiwapo, kionyesheni. Majina yakitajwa, wenye majina waonekane: mwuza maembe wa Wote, dereva wa pikipiki, nyanya yako mlangoni, kwa idhini yao. Maneno yanaponyamaza, ondokeni kwenye kisa mwende kwenye vidole, nyuzi na nyayo zinazotimua vumbi, kwa kuwa hapo wimbo wenyewe umehamia hapo. Kazi hii haihitaji mitambo ya ajabu. Simu moja yatosha. Wimbo upigwe kwa spika, mwimbaji aufuatishe kwa midomo, mpige picha wimbo mzima mara tatu kutoka mahali patatu, kisha mkate kwa kufuata ngoma. Epukeni jua la saa sita la Kibwezi, maana hutia macho kivuli cheusi kama mtu aliyepigwa ngumi.

Najua jibu lililo tayari kinywani mwako: "Sisi hatuimbi benga ya wazee, twaimba muziki wa kufokafoka." Vema. Lakini ada kubwa ya muziki huo ni mtu kusimama mtaani kwake, na watu wake nyuma yake, akasema, huku ndiko nitokako. Kalamashaka katika miaka ya 1990 hawakujifanya watu wa New York; walikuwa vijana wa Dandora, na Dandora ilisikika katika kila neno. Mtoto wa Ikutha anayejifanya wa Atlanta ameivunja ada ile ile anayodai kuitii.

Wapo wengine wanaokosea kwa upande wa pili, nao aghalabu ni wakubwa. Hawa hudai "utamaduni" uonekane, basi kila wimbo huvikwa mkonge na kupigiwa ngoma za kilumi. Kilumi ni mchezo wa wanawake watu wazima, wenye habari za mvua na uponyaji wa pepo. Kuutia katika wimbo wa mvulana aliyeachwa na mchumba ni kukodi gari jingine tu, ila hili halina magurudumu.

Tukirudi kwenye fedha: nauli na chakula cha mpiga gitaa mzee kwa siku moja hazifikii kodi ya gari lile. Wapo wazee Mbooni na Mwingi waliopiga benga ujanani, na vidole vyao bado vinaijua sehemu ya pili, nao hawapungui miaka. Mwendeeni mmoja kabla hamjampigia simu mwenye gari. Mwombeni apige wimbo wenu tangu mwanzo hata mwisho, na kamera iwe wazi.